Ng'ombe Wakilambana, Usiwafukuze

Mkulima wa skimu akiona ng'ombe wake wawili wamesimama shingo kwa shingo, mmoja akimlamba mwenzake, hufanya moja kati ya mambo matatu. Kuna yule anayepita tu na debe lake la maziwa, maana haoni neno. Kuna yule anayeokota kijiti na kuwatenganisha, akisema wanapoteza wakati wa kula na tena wanaambukizana magonjwa. Na kuna yule anayekimbilia simu kumwita mpandishaji wa mbegu, akidhani ng'ombe anataka dume. Mimi nasema wote watatu wamekosea, na yule mwenye kijiti amekosea kuliko wenziwe, kwa kuwa anaharibu kitu chenye faida kwake ambacho hakimgharimu hata senti moja.

Najua wengine watacheka. Watasema, "Nilinunua ng'ombe wa maziwa, sikununua ng'ombe wa urafiki." Maneno hayo husemwa hata mlangoni mwa ofisi ya kilimo, na watu wote hucheka. Basi tucheke, halafu tutazame jambo lenyewe.

Kaa karibu na ng'ombe wako jioni moja, wamekwisha kula na wameanza kucheua. Utaona kwamba anayelamba halambi po pote tu. Hulamba kichwa, nyuma ya masikio, shingo na mabega. Sasa jiulize: ni sehemu gani za mwili ambazo ng'ombe hawezi kuzifikia kwa ulimi wake mwenyewe? Ni hizo hizo. Ubavu hujilamba mwenyewe, na mguu wa nyuma pia, lakini paji la uso na shingo hawezi kabisa. Atajikuna kwa ukwato wa nyuma au kwa nguzo ya banda, na nguzo haina ulimi.

Tena utaona kwamba mara nyingi anayetaka kulambwa ndiye anayekwenda kuomba. Huinamisha kichwa, akakisukuma chini ya kidevu au shingo ya mwenzake, akangoja. Mwenzake akikubali, kazi huanza. Asipokubali, huondoka au humsukuma kando. Mtu asiyejua huona kule kusukumana akadhani ni ugomvi, kumbe lilikuwa ombi.

Watafiti wa mjini Vienna, katika nchi ya Austria, waliwapima ng'ombe mapigo ya moyo wakati wa kulambana. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba moyo wa ng'ombe anayelambwa hupungua mapigo, yaani mnyama hutulia. Kabla ya hapo, mwaka 2008, wataalamu wa huko huko walijaribu kuwasugua ng'ombe kwa mkono wa mtu, wakifuata mtindo wa ulimi wa ng'ombe. Waliwasugua sehemu mbalimbali za mwili. Iliyowapendeza ng'ombe zaidi ni chini ya shingo: walinyoosha shingo mbele na masikio yakalegea.

Kwa mkamuaji hilo si jambo dogo. Maziwa hayashuki kwa nguvu za vidole peke yake. Hushuka kwa sababu ya kitu kiitwacho oksitosini, ambacho ubongo wa ng'ombe hukitoa katika damu akiwa ametulia na chuchu zikiguswa. Ng'ombe akitishwa, akipigwa au akipigiwa kelele, mwili wake hutoa kitu kingine cha hofu ambacho huizuia ile kazi, na maziwa hubaki juu. Basi mkamuaji anayeanza kwa kumsugua ng'ombe shingoni nusu dakika, kisha akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, hapotezi wakati. Mama zetu waliokamua zebu walilijua jambo hili kabla ya mashine za kupima moyo hazijafika. Walimwachia ndama anyonye kidogo na mama amlambe, ndipo wakakamua.

Nataka pia ujue kwamba si Wazungu wa kwao tu waliolichunguza jambo hili kwa ng'ombe wa kwao. Hapa Kenya, Viktor Reinhardt na Annie Reinhardt walilifuata kundi la zebu kwa miaka kadhaa, wakiandika nani anakula karibu na nani, na nani anamlamba nani. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1981. Waliona kwamba ng'ombe hawachagui wenzao wa kulambana kwa bahati nasibu. Kila mmoja alikuwa na wenzake wachache, na urafiki huo ulidumu miaka. Mama aliendelea kulambana na kula karibu na watoto wake hata walipokuwa wakubwa na yeye akiwa na ndama mwingine. Na mama walipoachiwa wenyewe, waliwaachisha ndama kunyonya wakiwa na umri mkubwa, yapata miezi 9 kwa ndama jike na 11 kwa dume. Sisemi ufanye hivyo kwa ng'ombe wa maziwa ya kuuza. Nasema hii ndiyo tabia ya mnyama tuliyemfungia bandani.

Maana siku hizi tumemfungia kweli kweli. Wazee waliopata mashamba katika mpango wa Eka Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, wengi walinunua ng'ombe wa gredi kwa mkopo na kuwaachia malishoni. Ng'ombe asiyempenda jirani alihama upande wa pili wa shamba, na aliyempenda alikula karibu naye. Hakuna aliyehitaji kuwafikiria. Leo mashamba hayo yamegawiwa watoto na wajukuu, malisho yamekuwa haba, na tangu miaka ya 1980 kufugia bandani na kukata nepia kumeenea sana. Ni njia nzuri kwa shamba dogo, na mimi siipingi. Lakini katika banda, kila kitu tunamchagulia ng'ombe sisi: ale nini, alale wapi, asimame na nani. Tukimchagulia vibaya, hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni juu ya kamba na mbao. Ng'ombe anayefungwa kwa kamba fupi mchana na usiku hawezi kugeuka ajilambe kiunoni, wala hawezi kumfikia mwenzake. Mfungue uone: jambo la kwanza atakalofanya ni kujilamba na kujikuna kama mtu aliyetoka safari ya vumbi. Kama huna njia ila kufunga, kamba iwe ndefu ya kumfikisha kwa jirani yake, na umfungue kila siku apate kutembea. Mbao za kugawa sehemu za kulala ni nzuri, zinazuia kukanyagana kwa viwele. Lakini ziwe za kumwezesha kupitisha kichwa au kumwona mwenzake. Wako watu wanaojenga ukuta mzima mpaka juu kati ya ng'ombe na ng'ombe, wakitumia mabati ya bei, wakadhani wamejenga vizuri kuliko jirani. Wamejenga jela.

Tena chukua ufagio mgumu uliochakaa, ule wa kusugulia sakafu, ukaupigilie misumari kwenye nguzo, kwa kimo cha shingo ya ng'ombe, nywele zikitazama nje. Angalia vichwa vya misumari visitokeze. Ng'ombe watautumia, na nguzo za banda zitapumzika.

Sasa turudi kwa mwenye kijiti, maana hoja yake ya magonjwa si ya upuuzi. Mate ya ng'ombe hubeba magonjwa. Ugonjwa wa miguu na midomo umo katika mate hata kabla malengelenge hayajaonekana, na ugonjwa wa choa huenea kwa kugusana. Ni kweli yote. Lakini ng'ombe hao wawili wanakula hori moja, wanakunywa birika moja, na wanavuta hewa moja. Kuwazuia kulambana na kuwaacha wanywe pamoja ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Ng'ombe akiwa mgonjwa mtenge kabisa, mpe chombo chake cha maji na mtu wake wa kumhudumia, umwite daktari wa mifugo. Na ukiona udenda mwingi na ng'ombe anachechemea, piga habari ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo. Usimtie mkono kinywani ng'ombe anayetoa udenda na kubadilika tabia, maana kichaa cha mbwa humpata ng'ombe pia, na mate yake humuua mtu. Wakiwa wazima, waache walambane.

Na kama wewe ni mtu wa kutazama, kulambana kutakupa habari za ugonjwa mapema. Ng'ombe mwenye homa huacha kujilamba, huacha kuomba, na nywele zake husimama na kukosa mng'ao. Ng'ombe anayejilamba mahali pamoja tu bila kukoma, mpaka nywele zikatoka, ana chawa au upele. Ng'ombe anayelamba kuta, udongo na mkojo wa wenzake, au kutafuna mifupa, hafanyi urafiki na mtu: ana upungufu wa chumvi au wa madini ya fosforasi. Mpe jiwe la madini, na hiyo mifupa uizike, kwa maana mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya kumlegeza mwili wote mpaka kufa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini plastiki bado imezagaa katika mashamba, na ng'ombe mwenye njaa ya madini haulizi sheria inasema nini.

Juu ya kupe, wengine husema kwamba ng'ombe wa zebu hakuhitaji josho kwa sababu alijilamba. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Huko Australia uchunguzi uliotolewa mwaka 1956 ulionyesha kwamba ng'ombe waliozuiwa wasijilambe walibaki na kupe wengi zaidi kuliko walioachiwa. Ulimi wa ng'ombe ni kama msasa, nao huwang'oa kupe wadogo kabla hawajashika. Lakini kupe wa Australia si kupe wetu. Yule anayeleta ndigana kali hapa kwetu ni kupe wa kahawia wa masikio. Hukaa ndani ya sikio, na huko ulimi haufiki, wala wa mwenyewe wala wa rafiki. Kwa hiyo josho au pampu iendelee kama kawaida, na masikio yashughulikiwe kwa mkono.

Lakini hapo kwenye dawa ndipo nataka tusimame, kwa maana ni jambo ambalo wakulima wachache wanalijua, nalo linaingia katika kikombe cha chai cha mtoto.

Ziko dawa za kumwaga mgongoni. Mkulima huzipenda kwa sababu hazihitaji josho wala pampu: unapima, unamwaga mstari mmoja kutoka mabegani mpaka mkiani, umemaliza. Nyingine ni za kupe na nzi, nyingine kama ivermektini ni za minyoo na wadudu wa ngozi. Tumezoea kufikiri kwamba dawa iliyomwagwa juu ya ngozi hupita katika ngozi na kuingia mwilini mwa ng'ombe yule yule. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waliichunguza ivermektini ya kumwaga katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakaona mambo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya dawa haikupita katika ngozi. Iliingia kwa njia ya kinywa, kwa kuwa ng'ombe alijilamba. La pili ndilo lililonishangaza. Ng'ombe waliomwagiwa dawa walipowekwa pamoja na ng'ombe wasiomwagiwa, dawa ilipatikana pia katika miili ya wale wasiomwagiwa. Hawakuguswa na chupa. Waliwalamba wenzao.

Fikiri maana yake katika zizi lako. Una ng'ombe wawili. Mmoja amekauka, anangoja kuzaa, nawe umemmwagia dawa ambayo chupa yake inakataza kutumiwa kwa ng'ombe anayekamuliwa. Mwingine anakamuliwa, na hukumpa dawa, kwa kuwa umesoma kibandiko na wewe ni mtu mwaminifu. Asubuhi unapeleka maziwa yake kwenye chama cha ushirika na nyingine unawapa watoto. Lakini usiku kucha alikuwa akimlamba rafiki yake mgongoni na mabegani. Sasa dawa iko wapi?

Hapa utaniuliza kama sijipingi mwenyewe: nimesema wasitenganishwe, nami sasa nataka watenganishwe. Naam, katika jambo hili nataka, kwa siku chache na kwa sababu inayojulikana. Ikiwa una ng'ombe anayekamuliwa, uliza kwa daktari wa mifugo dawa ambayo inaruhusiwa kwa ng'ombe wa maziwa, na uitumie hiyo kwa wote walio pamoja. Ukilazimika kutumia dawa ya ng'ombe mkavu, mweke mahali ambapo ulimi wa mwenzake haufiki, na umwulize huyo daktari akae huko siku ngapi. Ukinyunyiza dawa ya kupe kwa pampu, waache wakauke kwanza mahali penye kivuli na upepo kabla ya kuwaachia wakutane, na usinyunyize juu ya hori la majani. Na usiongeze kipimo ati kupe wamekuwa sugu. Dawa unayoizidisha mgongoni kwa mmoja, wawili wataila.

Sasa habari za ndama, na hapa pia watu wamechanganya vitu viwili ambavyo si kimoja.

Kitu cha kwanza ni kulamba kwa mama. Ndama akianguka chini, mama aliye mzima huinuka na kuanza kumlamba mara moja. Humkausha, humsugua damu ikatembea, humwamsha avute pumzi, na kwa kumlamba nyuma humfanya akojoe na kutoa kinyesi cha kwanza. Katika dakika chache hizo mama hujua harufu ya mtoto wake. Wako wakulima wanaomwondoa ndama papo hapo kabla mama hajamgusa, wakisema itamzuia mama kulia. Mimi naona ni haraka isiyo na faida kwa shamba dogo. Mwache amlambe mpaka akauke, na uhakikishe ndama amepata dang'a, lita 2 au 3 za kwanza, ndani ya saa 6. Baada ya hapo, kama desturi yako ni kumlisha kwa ndoo, mwondoe.

Mtamba anayezaa mara ya kwanza pengine hushangaa, akamwacha ndama amelala na maji. Mnyunyizie ndama chumvi kidogo au pumba mgongoni, mara nyingi mama atakuja kuonja na kuendelea. Akikataa kabisa, wewe ndiwe ulimi: chukua gunia kavu au majani makavu, msugue kwa nguvu kuanzia kifuani. Usifanye kwa woga kama unayepangusa kikombe. Kondo la nyuma na maji ya uzazi usiyashike kwa mikono mitupu, kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba ambao humwingia mtu pia.

Kitu cha pili ni ndama kunyonyana. Ndama wawili waliokunywa maziwa kwa ndoo hugeukiana, mmoja akanyonya sikio la mwenzake, au kitovu, au mahali pa kiwele. Huo si urafiki na usiuachie. Kitovu kibichi huingia uchafu kikavimba, na mtamba aliyezoea kunyonya anaweza kuwa ng'ombe anayenyonya wenziwe. Tena humeza nywele, ambazo hujikusanya tumboni kama mpira. Sababu yake inajulikana. Ladha ya maziwa kinywani huamsha hamu ya kunyonya, na hamu hiyo hupungua yenyewe baada ya dakika kumi hivi. Ndama aliyekunywa ndoo kwa dakika moja amebaki na hamu na hana chuchu. Basi tumia ndoo yenye chuchu ya mpira, au ukimaliza kumnywesha mpe majani makavu mazuri na chakula kikavu cha ndama, na ikibidi wafunge mbalimbali kwa robo saa. Kisha wafungulie wakutane.

Nasema wakutane, na najua kwamba mashauri ya miaka mingi yamekuwa kila ndama na kizimba chake. Mashauri hayo yalikuwa na sababu, nayo ni kuhara. Katika wiki za kwanza, ndama mmoja mwenye kuhara huwamaliza wenziwe. Lakini wengi wameendelea na kizimba cha peke yake mpaka ndama ana miezi mitatu au minne, hapo sababu imekwisha na desturi tu ndiyo imebaki. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, umeonyesha kwamba ndama wanaokaa wawili wawili huanza kula chakula kikavu vizuri zaidi kuliko aliye peke yake, maana mmoja hujifunza kwa kumwona mwenzake. Mwalimu ye yote atakuambia jambo hilo hilo juu ya watoto darasani. Ndama wakiwa safi na wazima, wawe wawili.

Nyumba nyingi za skimu watoto wanafuga simbilisi au sungura nyuma ya jiko, na kwao kuna mafunzo ya bure. Simbilisi walitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na ni wanyama wa kukaa kwa jamii. Mama huwalamba watoto wake, na wakubwa mara moja moja hutafunana nywele za uso na masikio taratibu, lakini mapenzi yao huonekana zaidi kwa kulala ubavu kwa ubavu. Mtoto wako akikuambia simbilisi mmoja amekuwa na upara, usimwambie kwamba mwenzake anampenda mno. Ana mwenzake anayemwonea, au kibanda kimejaa, au hawapewi majani makavu ya kutosha ya kutafuna. Wape nafasi na majani, na mboga mbichi kila siku, maana miili yao haiwezi kujitengenezea vitamini C, kama ya mtu isivyoweza. Mtoto anayejua kutofautisha simbilisi anayesafishwa na simbilisi anayeonewa atakuwa mfugaji mzuri wa ng'ombe.

Yule wa tatu niliyemtaja, mwenye kukimbilia simu, nitamjibu kwa ufupi. Ng'ombe anayetaka dume kweli hulamba na kulambwa zaidi, lakini tazama mahali. Kulambana shingoni na kichwani ni kwa kila siku. Kunusa na kulamba upande wa nyuma, kuweka kidevu juu ya kiuno cha mwenzake, kutoa ute mweupe unaong'aa kama utando wa yai, na zaidi ya yote kusimama tuli anapopandwa na mwenzake, hizo ndizo dalili. Ukiziona asubuhi, apandishwe jioni. Ukiziona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi mapema. Andika tarehe, na uanze kumtazama tena baada ya siku 21. Mtu anayemwita mpandishaji kwa sababu ya kulambana shingoni hulipa pesa na hapati ndama, kisha anailaumu mbegu.

Limebaki jambo la kuuza na kununua. Krista McLennan wa Chuo Kikuu cha Northampton, Uingereza, aliwapima ng'ombe waliotengwa na kundi. Waliotengwa pamoja na mwenzao wampendaye mioyo yao ilitulia kuliko waliotengwa na ng'ombe wasiyemzoea. Basi ikiwa una ng'ombe watatu na karo ya shule inakulazimisha kuuza mmoja, tazama kwanza nani analambana na nani. Kama maziwa yao na umri wao vinalingana, uza yule asiye na mwenzi. Utapata bei ile ile sokoni, na waliobaki hawatasumbuka sana. Na ukiuza wawili kwa mnunuzi mmoja, mwambie wamezoeana. Hatakuongezea shilingi, lakini atakushukuru akiwafikisha nyumbani bila kuvunja ua.

Mwenye ng'ombe mmoja tu, na tuko wengi, asivunjike moyo. Mwekee mtamba, au hata mbuzi, wa kumwona karibu. Na wewe mwenyewe mpe dakika tano za brashi kila siku: paji la uso, nyuma ya masikio, chini ya shingo. Utawaona kupe wa masikio kabla hawajashiba, na utajua mapema kama ana homa.

Ukinunua mgeni, usimtupe katikati ya wenyeji asubuhi wakiwa na njaa. Hakikisha kwanza ni mzima, ukimweka mbali nao muda atakaokuambia daktari wa mifugo. Kisha mlete jirani na banda, mbao moja kati yao, wanusane kwa siku mbili tatu. Wakutanishe jioni wakiwa wameshiba, mahali pasipoteleza, na hori liwe na nafasi ya kuzidi mmoja. Watasukumana, na hiyo ni kawaida. Yule mgeni kwa siku za kwanza atasimama pembeni na kula mwisho, basi mwekee majani yake kando ya wengine. Siku utakapomwona ameinamisha kichwa chini ya shingo ya mwenyeji, na mwenyeji akaanza kumlamba, ile mbao ya katikati unaweza kuitoa ukaitumie kwingine.